Vipande Vilivyokataa Kuganda

Mfuko ulikuwa wa saruji iliyokwisha kutumika, umekunjwa mdomo mara mbili na kufungwa kwa waya. Wiki iliyopita tuliachana hapo: Bwana Mhuri, mkuu wa maabara, ameuweka juu ya meza yake, amevuta kiti, ameniambia niufungue mwenyewe.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitafupisha. Niko ugenini, mwaka wa tatu, nasomea uhandisi wa majengo. Chuo hakikupi shahada mpaka ufanye mafunzo kazini miezi sita na daftari lako lipigwe mhuri kila ukurasa. Mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja, amekaa nchi hii miaka kumi na minne na ni msimamizi wa mafundi. Ndiye aliyenitafutia nafasi kwenye maabara ndogo ya kupima zege. Ndiye aliyesaini kuwa mdhamini wangu. Kwake ndiko ninakolala, na sufuria lake ndilo ninalopakulia.

Kazi yenyewe si ya kutambia watu. Lori la zege likifika kwenye jengo, naenda na toroli na kalibu sita za chuma. Nachota zege bichi, najaza kwa tabaka tatu, nashindilia kila tabaka kwa fimbo huku nahesabu, nasawazisha juu. Kesho yake nafungua kalibu, naandika namba kwenye vipande, navitumbukiza kwenye tangi la maji. Vitatu vinavunjwa kwa mashine siku ya saba, vitatu siku ya ishirini na nane. Mashine inasema zege lina nguvu kiasi gani, na wenye jengo wanajua kama waendelee au wasimame.

Dhambi yangu nilishaikiri humu. Wiki nne kabla ya mfuko ule kuwekwa mezani nilichukua vipande vya bweni moja la wanafunzi linalojengwa karibu na maabara. Kesho yake nikafungua kalibu ya kwanza, kona ikabaki mkononi. Ya pili ikamwagika mezani kama uji uliokosa unga. Zote sita zikawa hivyo.

Sikujiuliza mara mbili. Nilijua nimeviharibu mimi. Nina historia: nyumbani nilivunja chupa mbili za chai na seti nzima ya glasi za harusi ya dada, mpaka mama akawa ananipa chai kwenye kikombe cha bati hadi nilipoingia sekondari. Nikasema hii mikono imenifuata mpaka ugenini.

Basi nikavifagia vile vipande, nikavitia kwenye mfuko mtupu wa saruji pamoja na kikaratasi chake cha tarehe, nikautupa mfuko nyuma ya maabara penye vifusi. Kisha nikachukua mchanga safi wa maabara, kokoto safi, saruji mpya, nikapima kwa mizani kama mpishi wa keki, nikatengeneza vipande vingine sita. Nikaviandika namba ya lile bweni. Siku ya saba vitatu vikavunjwa na kufaulu vizuri mno, nami nikalala usingizi wa mtu aliyeponea chupuchupu.

Sasa mfuko ule ule ulikuwa juu ya meza.

Niliufungua. Humo ndani vilikuwemo vipande vyangu, na kile kikaratasi cha tarehe kwa mwandiko wangu. Bwana Mhuri tunamwita hivyo kwa sababu mhuri wa maabara anauvaa shingoni kwa mnyororo, pamoja na funguo, hata akienda msalani. Alikuwa ameuokota mfuko siku ile ile niliyoutupa. Ulikaa wiki nne ndani ya kabati lake, chini ya vikombe vya chai tunavyonywea kila asubuhi.

Sikujitetea. Nikamwambia yote: kwamba nilifungua kalibu mapema, kwamba labda sikushindilia sawasawa, kwamba tangu utotoni vitu vinanivunjikia. Nikaomba msamaha mpaka nikaanza kujirudia. Aliniacha nimalize, akacheka kidogo kwa pua.

"Kijana, ulidhani umeviharibu wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Hata ungeviacha ndani ya kalibu mwezi mzima, vingetoka hivyo hivyo. Zege lile lilikuwa maji. Lilifika bovu, na wewe ukalishindilia vizuri tu."

Nitawaambia ukweli wangu wote, maana ndiyo sababu naandika. Kwanza nilifurahi. Kwa muda wa pumzi moja hivi nilijisikia mwepesi, kwamba safari hii si mikono yangu. Nikakaribia hata kutabasamu.

Kisha nikaelewa nilichofanya. Kama vipande vibovu vingefika kwenye mashine, jengo lingesimamishwa siku ya saba. Mimi nikavificha kwa aibu, nikaweka vizuri mahali pake. Zege lile bovu ndilo sakafu ya ghorofa ya kwanza ya bweni, dari ya ukumbi wa chini. Na kwa sababu vipande vyangu vilifaulu, juu yake walishapandisha kuta.

Nikamwambia Bwana Mhuri lazima tuwajulishe leo hii. Alivuta droo akatoa karatasi. Ilikuwa ripoti ya siku ya ishirini na nane, imeshajazwa kwa taipu, namba zote tatu za mashine zipo. Akaniwekea kalamu juu yake.

"Saini hapo penye aliyeandaa vipande."

Nikamwambia vile vitatu vilivyobaki havijavunjwa, viko kwenye tangi, nimeviona asubuhi nilipokuwa naongeza maji.

"Vitavunjwa. Tunajua vitasoma ngapi, umevitengeneza mwenyewe."

Alinieleza bila kupandisha sauti, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Mwenye bweni ndiye anayetuletea karibu kazi zote. Tukilikataa zege lake, atabomoa sakafu na kuta, na hatakanyaga tena hapa. Maabara itafungwa. Kuhusu kwenda kusema, sikatazwi. Ila niende nikijua kwamba mwandiko ni wangu, namba niliandika mimi, na vipande vya uongo nilitengeneza mimi. Yeye aliletewa vipande akavipima. Kuhusu mfuko, hakuna mfuko.

Kisha akauliza, kama aliyekumbuka jambo dogo, kibali changu cha kukaa kinaisha lini. Kinaisha mwisho wa mwezi. Hakiongezwi bila barua yake. Daftari langu la mafunzo liko kwenye droo yake, na chuo kinalitaka Ijumaa.

"Na mdhamini wako ni mjomba wako," akasema. "Ukiharibu, wanamwita yeye kwanza. Ana watoto hapa, sivyo?"

Anao watatu. Nikaomba anipe mpaka kesho nifikirie. Akasema hapana. Nikaomba kwenda msalani, hapo akakubali, ila alinifuata kwa macho mpaka mlangoni.

Choo cha maabara kina dirisha moja, dogo, lina nondo. Msinicheke, nililipima. Hata paka angetoka ubavu ubavu.

Nikakaa juu ya kifuniko. Simu ikatetemeka, mama ametuma ujumbe wa sauti. Mama haniiti tena jina langu tangu nilipoondoka, ananiita Injinia, na ameitundika sebuleni picha yangu nikiwa nimevaa kofia ngumu ya kuazima. Safari hii alikuwa na ombi. Jirani anataka nimchoree ramani ya banda la kuku, maana ameshawaambia watu wote kuwa litachorwa ng'ambo. "Usimkatalie, Injinia wangu," mama alisema. "Halafu umeshakula?"

Niliusikiliza mara mbili. Nilitaka kumpigia nimwambie mama, nimekwama, njoo unitoe. Badala yake nikamwandikia kwamba nimekula na banda nitachora.

Nikarudi nikasaini.

Naandika hivi bila kuzunguka kwa sababu najua wapo watakaofunga gazeti hapa. Wanayo haki. Nilisaini kwa mkono huu, kwa jina langu kamili, nikijua.

Bwana Mhuri alishusha mnyororo shingoni. Akatoa daftari langu, akaanza kulipiga mhuri ukurasa baada ya ukurasa, taratibu, akipuliza wino ukauke. Alipiga wiki nilizofanya. Akaendelea kupiga na wiki ambazo bado sijazifanya, mpaka mwisho wa daftari. Akanikabidhi, akaniambia hongera, nimemaliza mafunzo.

Nimekuwa nikililia daftari lile miezi minne. Nililipokea kama mtu aliyepewa maiti ashike.

Nikashuka kwenye chumba cha mashine. Huko yuko Dada wa Mashine, mama mtu mzima asiyependa maneno, mgeni wa nchi hii kama mimi. Alikuwa ameshavitoa vile vipande vitatu tangini na anavivunja kimoja kimoja ili makombo yaonekane yapo. Kila kimoja kilipasuka kwa mlio mkubwa, na namba zikawa nzuri kabisa. Nilisimama pale nikitazama kazi yangu inavyosifiwa na chuma.

Nikamuuliza kama alijua.

"Tangu siku ya saba," alisema. "Zege la lori halina kokoto safi namna hii."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Aliifuta sahani ya mashine kwa tambara, akaifuta tena mahali palipokwisha kuwa safi.

"Na mimi nina kibali kama chako. Mimi nasoma namba tu."

Sikuweza kumkasirikia. Ningemkasirikia vipi na wino wa saini yangu haujakauka? Nilikuwa natoka kwenda kukaa nje, kwenye hewa, simu ikaita. Alikuwa mjomba, ambaye mafundi wake ndio wanaojenga lile bweni. Sisi wawili tunaitana mjomba, yeye kwangu na mimi kwake, na kwa kawaida hanipigii saa za kazi isipokuwa watoto wake wamefunga mlango funguo zikiwa ndani.

Alikuwa na furaha. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo. Akasema ripoti imefika tangu asubuhi, wamefaulu, na ameshawaambia jamaa waanze kutoa mirunda, zile nguzo za muda, chini ya ile dari.

Nikahesabu kichwani. Tangu asubuhi. Basi Bwana Mhuri aliituma kabla hata hajaniita ofisini. Saini yangu alikuwa anaitafuta ya kuwekea faili tu, na vitisho vyote vile vilikuwa vya kunifunga mdomo. Kazi ilikuwa imeshakwisha nikiwa naongeza maji kwenye tangi.

Nikamwambia mjomba asimamishe, awatoe watu. Akasema hanisikii, kuna mashine ya kukata chuma inalia, atanipigia. Akakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikanyamaza. Nikapiga tena.

Bwana Mhuri alikuwa mlangoni anavuta sigara. Akauliza naenda wapi. Nikasema chakula. Akanitakia chakula chema.

Mpaka kwenye bweni ni dakika kumi na mbili kwa miguu. Nilikimbia na daftari kwapani, sijui hata kwa nini nililibeba. Nilipita mbele ya duka la kufua nguo, kituo cha mabasi, kinyozi anayenijua akaniita, sikumjibu. Njia nzima nilikuwa natunga uongo. Ningesema mashine ilikosea. Ningesema vipande vilichanganyika na vya jengo jingine. Nilitaka sana upatikane uongo mmoja ambao ungewatoa wale watu chini ya dari na kuniacha mimi nilivyo.

Nilipofika nilimkuta mjomba ukumbini, katikati, ameinua uso anakagua dari. Ni mfupi, kofia yake imechakaa kuliko viatu vyake. Mafundi wake sita walikuwa wanafungua mirunda. Ninaposema mirunda msifikirie miti. Ni mabomba ya chuma, bomba ndani ya bomba, yenye nati kubwa shingoni. Unausimamisha mrunda, unazungusha nati, kichwa kinapanda mpaka kinagusa dari, ndipo unakaza. Yapo kwa ajili ya kubeba zege mpaka zege liweze kujibeba. Walikuwa wameshatoa kumi na moja, yote ya mstari wa kati, kutoka nyuma ya ukumbi mpaka mlangoni, yamelala sakafuni.

Nilimshika mkono nikamvuta pembeni. Uongo wote wa njiani ulinikimbia. Nikamwambia kama nilivyowaambia ninyi: kalibu, mfuko, vipande nilivyotengeneza, ripoti. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza neno moja.

"Umesaini?"

"Nimesaini, mjomba."

Nilingoja anizabe kofi. Ningelipokea kwa shukrani. Yeye akageuka akawaambia mafundi waache kila kitu kilipo, waende nje kupumzika, mpaka barabarani, na wasirudi hata kama mwenye jengo atawaita. Walimtazama, wakaona uso wake, wakatoka bila kuuliza. Ndipo akanirudia.

"Siku ile lori lilichelewa," alisema. "Zege limeanza kukauka njiani, dereva anamimina maji kwa mpira, nimesimama namwangalia. Mwenye jengo yuko hapa hapa. Akasema mwaga. Nikamwaga."

Akaitazama tena dari.

"Mimi nisingeweza kukataa, angeniondoa siku hiyo hiyo. Nikajiambia maabara watalikataa. Hukumbuki nilivyokusimamia ukijaza kalibu? Nilitaka ujaze vizuri wasipate kisingizio. Nilikuletea wewe lile zege ili mlikatae."

Nilikumbuka. Alisimama juu ya kichwa changu siku nzima ile, nikadhani ananichunga nisije kumwaibisha.

"Majibu yakaja mazuri," akaendelea. "Nikasema basi nimezeeka. Miaka yote hii nalisoma zege kwa macho, leo macho yameniacha. Na kwa kuwa aliyeandaa ni wewe, niliamini karatasi nikayakana macho yangu."

Hapo nililia. Sikulia kwa ajili ya kibali wala shahada, hivyo nilikuwa nimeshavisahau. Nililia kwa sababu wote wawili tuliona kitu kile kile, kila mmoja akaamini amekosea yeye.

Mjomba hakuwa na muda wa machozi yangu. Alinionyesha juu kwa kidole. Ghorofani kulikuwa na waashi watatu wanajenga kuta. Ngazi za nje zilikuwa zimeondolewa jana yake, baada ya kusikia kwamba majibu yatakuwa mazuri. Njia pekee iliyobaki ni ngazi ya zege iliyo nyuma ya ukumbi, na ili waifikie lazima wakatize juu ya dari ile, halafu wakifika chini watembee chini yake mpaka mlangoni. Akawapazia sauti wakae kwenye kona, karibu na nguzo, wasitembee, wasinyanyue tofali, wasishushe kitu. Mmoja akauliza kuna nini. Mjomba akasema kuna ukaguzi.

Kisha akaniambia nipige simu kwa watu wa zimamoto.

"Taja jina lako na kazi yako," alisema. "Wakidhani ni mpita njia watachelewa."

Nilijua anachoniambia. Jina langu likishaingia kwenye simu ile, hakuna daftari litakaloniokoa, na yeye ndiye mdhamini. Alijua kuliko mimi. Alikuwa ananitazama nibonyeze namba.

Tulisogea mlangoni, nikapiga. Nilitaja jina langu, la baba na la babu. Nikasema mimi ndiye niliyeandaa vipande vya zege la jengo hili, vipande ni vya uongo, mirunda kumi na moja imetolewa na kuna watu watatu juu. Mama wa upande wa pili aliniuliza niko wapi. Nikamwambia mlangoni. Akasema gari linatoka sasa, nibaki hapo hapo, mtu yeyote asiingie ndani.

Nilipogeuka kumweleza, mjomba alikuwa ameshaingia, amebeba mrunda mmoja begani.

Nikamwita. Nikamwambia wamekataza. Akasema yeye anawajua, watafika, watapima, watajadiliana, na wale vijana wa juu hawana subira ya kukaa kwenye kona kwa muda wote huo, mmoja atashuka tu kuja kuuliza. Akirudisha mirunda kwenye mstari mmoja, kutoka kwenye ngazi mpaka mlangoni, anaweza kuwashusha mmoja mmoja. Aliongea akifanya kazi. Alishausimamisha wa kwanza, anazungusha nati.

"Wewe kaa nje. Mama yako nitamwambia nini?"

Nililiweka daftari juu ya rundo la mchanga, nikaingia.

Hakunifukuza tena. Tuligawana: yeye anaanzia kwenye ngazi kuja huku, mimi nafuatia nyuma yake. Mrunda mmoja ni mzito kuliko unavyoonekana. Unaubeba, unausimamisha wima, unaushikilia kwa goti ili mikono ipate kuzungusha nati. Nati zenyewe zilikuwa zimepakwa mafuta vizuri, zilizunguka kwa vidole viwili. Mjomba aliniambia nisikaze, niache nafasi ya unene wa kucha kati ya kichwa na dari, kisha tutakuja kuikaza yote pamoja ili dari isisukumwe upande mmoja.

Niliiacha nafasi hiyo kila mara. Niliikagua kwa kucha yangu mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe mikono yangu haikuangusha kitu.

Tulisimamisha mitano, miwili yangu, mitatu yake. Juu nilimsikia mmoja wa wale vijana akikohoa, mwingine akicheka jambo. Mjomba aliwauliza kama wamekaa, wakajibu wamekaa. Nje mafundi walikuwa wamejipanga barabarani, mikono kichwani. Gari la zimamoto bado halijasikika.

Nilikuwa nausimamisha wangu wa tatu. Kabla sijazungusha nati yake nikaona afadhali nihakikishe ule wa pili niliotoka kuuacha, kama nafasi niliyoiacha inatosha. Nikapandisha mkono, nikapitisha kucha.

Haikupita.

Nikadhani nimekosea mrunda. Nikaenda kwenye ule wa kwanza. Haikupita vilevile. Nikashika nati niilegeze kidogo, ile ile niliyoizungusha kwa vidole viwili dakika chache nyuma. Nikaishika kwa mkono mzima. Nikaishika kwa mikono miwili nikaning'inia.

Sikutaka kupaza sauti, kwa ajili ya wale wa juu.

"Mjomba," nikasema, "nati yako inazunguka?"

Alikuwa amenipa mgongo. Nilimwona akiweka mkono kwenye mrunda wake wa mwisho, akaujaribu, mabega yakapanda. Akauacha. Akasogea kwenye wa pili yake, akaujaribu na huo. Kati yetu na mlango mirunda mitano ilikuwa bado imelala sakafuni, na wangu wa tatu ulikuwa umeegemea bega langu.

"Haizunguki," alisema. "Na sikuwa nimeikaza. Dari imeshuka."